Humphry Davy, mutu aliyefungia moto ndani ya wavu

Ndugu zetu wa mugodi, na ninyi bamama munaobaki nyumbani kungojea,

Kila mara tunaposhuka chini, taa iko kwa kofia. Wengi hawajui kama taa ya mugodi ina historia yake, na kama historia ile ilisukumwa na maiti 92. Leo tunaeleza maisha ya Humphry Davy, muzungu wa Uingereza, mwenye elimu ya kemia. Karibu miaka 200 imepita tangu afe, lakini kazi yake inatuhusu sisi wachimbaji mpaka leo.

Davy alizaliwa tarehe 17 desemba 1778 kule Penzance, katika Cornwall. Ile ni inchi ya bati na shaba, sawa vile Manono na Likasi kwetu. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga mbao. Alikufa mwaka wa 1794, akaachia muke na watoto tano madeni. Humphry alikuwa mukubwa wao, naye hakuwa na miaka 16 bado. Wakamuweka kwa munganga mumoja ajifunze kazi ya dawa. Hakupata kuingia université hata siku moja. Alisoma mwenyewe, akapima mambo kwa vyombo vya jikoni na vya duka la dawa.

Mwaka wa 1798 akaenda Bristol, pahali walipotafuta kama mavuke ya namna mbalimbali inaweza kuponya magonjwa ya kifua. Yeye alivuta yale mavuke kwa pua yake mwenyewe, na mara moja alikuwa karibu kufa. Katika kitabu cha mwaka wa 1800 alieleza kama mavuke moja inaondoa maumivu, na pengine ingefaa wakati wa kupasua wagonjwa. Waganga walichelewa zaidi ya miaka 40 kulifuata neno lile.

Mwaka wa 1801 akaitwa London. Huko akachukua umeme wa pile kubwa akaupitisha katika vitu vilivyoyeyushwa, na vikaachana. Kwa njia ile alipata potasiumu na sodiumu mwaka wa 1807, na mwaka uliofuata kalsiumu na manyeziumu. Ndugu wa uzini, mutaielewa kazi hii haraka: kuachanisha vitu kwa nguvu ya umeme njo elektrolizi, na kwa elektrolizi shaba yetu inatoka safi katika mabao ya katodi. Mwaka wa 1812 alipewa cheo cha Sir. Mwaka ule ule dawa moja ilimupasukia ikaumiza macho yake. Kwa hiyo aksida ya kazi aliijua kwa mwili wake.

Sasa tufike kwa taa. Kaskazini ya Uingereza, karibu na Newcastle, watu walichimba makaa ya mawe. Katika makaa munatoka mavuke inayoitwa grizu. Haina rangi, na inapochanganyika na hewa kwa kipimo chake, moto mudogo tu wa bujii unaipasua. Na wachimbaji walifanya kazi kwa bujii. Tarehe 25 mei 1812, mugodi wa Felling ulipasuka. Watu 92 walikufa, wakubwa pamoja na watoto wadogo waliofungua milango ya hewa chini kule. Mugodi ulifungwa majuma mengi ili moto uzimike, na wajane walingoja juu. Kawaida matajiri wa migodi hawakupenda aksida itangazwe. Lakini pasteri wa pale, John Hodgson, aliandika habari yote akatoa majina ya wafu katika kitabu. Wengine wakasikia haya, wakaunda chama mwaka wa 1813 cha kutafuta namna ya kuzuia vifo. Chama kile njo kilimuita Davy.

Alifika kule mwezi wa nane 1815. Akazunguka migodi, akauliza mainjenieri, kisha wakamutumia grizu ndani ya machupa mpaka London. Wengi walifikiri dawa ni kuondoa ule moto. Davy akaona adui ni joto lake. Grizu haiwaki kama haikupata joto ya kutosha. Akapima, akaona mwali haupiti katika tundu jembamba la chuma, kwa sababu chuma kinakunywa joto na kuitawanya. Basi akazungusha bujii na wavu wa nyuzi za chuma, wenye matundu madogo sana, sawa chujio ya kuchungia unga wa bukari. Katika inchi moja, kipimo cha Waingereza, mulikuwa matundu 28 kwa kila upande. Hewa inaingia, mwangaza unatoka, lakini joto inakufa kwa wavu. Grizu ikiingia, inaungua ndani tu, na mwali unarefuka na kugeuka bluu. Kwa hiyo taa ikawa pia mulinzi: inaonyesha kama hewa imekuwa mbaya, mutu akimbie. Mwezi wa kwanza 1816 walishuka nayo mugodi wa Hebburn, ikashinda.

Rafiki zake walimushauri aandikishe haki ya taa ile, angepata feza nyingi kila mwaka. Akakataa. Taa ikawa mali ya kila mutu. Hapa tunamupongeza bila kusita.

Lakini hatutaficha upande wa pili. Wakati ule ule, kule Killingworth, fundi wa mashini George Stephenson alikuwa anatengeneza taa yake ya usalama. Huyu alizaliwa katika nyumba ya mufanya kazi wa mugodi, na kusoma alijua akiwa na miaka 18. Mwezi wa kumi 1815 aliingia na taa yake pahali penye grizu, akatoka muzima. Davy hakuamini kama mutu wa namna ile angeweza kuvumbua kitu, akasema ni mwizi. Matajiri walimupa Davy vyombo vya feza vya bei ya pauni zaidi ya 2.000, na Stephenson gine 100 tu. Watu wa kwao walikasirika wakamuchangia pauni 1.000. Mwaka wa 1833 wabunge walipima maneno wakasema wote wawili walikuwa na haki. Davy alikuwa amekwisha kufa.

Jambo la mwisho njo kubwa kwetu. Munafikiri nyuma ya taa vifo vilipunguka? Apana. Bunge lilichunguza mwaka wa 1835, likaona katika inchi ile vifo vya grizu vilizidi. Sababu inaeleweka. Vyumba vilivyokuwa vimefungwa juu ya grizu, matajiri walivifungua, kwani sasa kulikuwa na taa. Walishusha watu chini zaidi, na feza ya kuongeza hewa hawakuitoa. Tena taa ile ilikuwa na mwangaza kidogo, na mutu aliyelipwa kwa kipimo cha makaa aliona giza linakula mushahara wake, basi wengine waliifungua. Wavu ukipasuka, ukiwa mwekundu kwa moto, ao upepo ukivuma sana, mwali ulipita.

Davy aliongoza Royal Society, chama kikubwa cha wenye elimu, tangu 1820 mpaka 1827. Alitafuta pia namna ya kulinda shaba iliyofunika merikebu kwa kuunganisha nayo zinki ao chuma. Kisha ugonjwa ukamushika. Alikufa Geneva, katika Uswisi, tarehe 29 mei 1829, na kaburi lake liko kule. Alikuwa na miaka 50. Vile vyombo vya feza viliyeyushwa baadaye vikauzwa, na kwa feza ile kukaanzishwa medali ya Davy, inayotolewa mpaka leo.

Ndugu, Davy alifanya sehemu yake. Ile iliyobaki ni yetu. Mashini mupya ya usalama inapoletwa, tusipige makofi tu. Delege aulize katika komite ya usalama: hii italinda watu pale wanapofanya kazi leo, ao itakuwa sababu ya kuwatuma pale palipokatazwa jana? Hewa itaongezwa? Ni nani atapima mbele ya timu kushuka? Jibu liandikwe katika proseverbali, na sahihi iwekwe chini, ili mbele ya kushuka tuwe nalo mukononi.