Maisha ya Marie Dressler

Marie Dressler alikuwa mchekeshaji mashuhuri. Alizaliwa tarehe 9 Novemba, 1868, katika mji wa Cobourg, nchi ya Kanada. Wazazi wake walimwita Leila Marie Koerber. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki.

Marie alikuwa na mwili mkubwa, wala hakuwa na sura ya kusifiwa. Lakini alijua kuchekesha. Akiwa na umri wa miaka 14 hivi, aliondoka nyumbani akajiunga na kikundi cha michezo ya kuigiza.

Siku zile watu wa Marekani walipenda sana maonyesho ya jukwaani. Katika onyesho moja waliona nyimbo, ngoma, mazingaombwe na vichekesho. Marie akawa hodari katika kazi hiyo. Mwaka 1914 alicheza sinema pamoja na Charlie Chaplin. Sinema za wakati huo hazikuwa na sauti. Watazamaji waliona vitendo na kusoma maandishi.

Mwaka 1919 wachezaji wa New York waligoma. Wasichana walioimba na kucheza kwa vikundi walikuwa wakionewa sana. Walifanya mazoezi kwa wiki nyingi bila mshahara. Marie alikuwa na jina kubwa. Angeweza kukaa kimya. Lakini aliungana nao, akawa rais wa kwanza wa chama chao. Baada ya mwezi mmoja hivi, matajiri walikubali kupatana na wachezaji.

Kisha maisha ya Marie yakawa magumu. Umri wake ulipita miaka 50. Kazi ikaadimika, na fedha zikapungua. Ilionekana kwamba siku zake zimekwisha.

Mwaka 1927 rafiki yake, Frances Marion, alimsaidia kupata kazi Hollywood, mahali panapotengenezwa sinema. Mama huyu alikuwa mwandishi wa hadithi za sinema. Muda si muda sinema zikaanza kuwa na sauti. Wachezaji wengine walishindwa. Marie hakupata taabu, kwa sababu alikuwa amezoea kusema jukwaani kwa miaka mingi.

Mwaka 1930 aliigiza mwanamke mlevi katika sinema iitwayo Anna Christie. Mwaka huo huo, katika Min and Bill, aliigiza mama mwenye nyumba ya wageni bandarini. Mama huyo alimlea msichana aliyeachwa na mzazi wake. Watu walicheka, kisha wakalia. Novemba 1931 Marie alipewa tuzo ya mchezaji bora wa kike. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Mwaka 1932 na 1933, wenye majumba ya sinema nchini Marekani walimtaja kuwa mchezaji aliyevuta watazamaji wengi kuliko wote. Vijana na warembo wote aliwapita.

Marie alifariki kwa ugonjwa wa saratani tarehe 28 Julai, 1934, huko California.

Ndugu msomaji, Marie aliwasaidia wanyonge alipokuwa na nguvu. Alipoanguka, naye alisaidiwa na rafiki. Ujuzi alioupata ujanani ulimfaa uzeeni.

Maswali
1. Kwa nini wasichana wa New York waligoma?
2. Nani alimsaidia Marie alipokosa kazi?
3. Je, katika kijiji chenu kuna wazee wenye ujuzi unaofaa kufundishwa kwa wengine? Jadilianeni.