Fundi Aliyeipa Nikeli Vitundu

Leo tunamkumbuka Murray Raney, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1885 na kufariki mwaka 1966. Alisomea uhandisi wa mitambo, wala si kemia; hata hivyo ndiye aliyetafuta kichocheo bora cha kugandisha mafuta ya mbegu za pamba kwa haidrojeni. Mwaka 1927 alipewa hataza ya aloi ya nikeli na alumini. Ilipotiwa katika kostiki soda, alumini iliyeyuka, ikabaki nikeli yenye vitundu tele, yenye nguvu kuliko ilivyokuwa nzima. Viwanda vingali vikiitumia. Enyi wakuu wa idara, nasi wananchi wa visiwani, tusimpime fundi kwa cheti chake. Huenda dawa ya mtambo uliolala anayo yule tusiyemwuliza.