Livingstone, mbung'o na siri iliyokuwa kwenye damu ya wapagazi wa Tabora

Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, kuna tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Wengi tunamjua kama mmisionari, mpelelezi na mpinzani wa biashara ya utumwa. Lakini alikuwa pia daktari, na kuna swali moja lililomsumbua miaka mingi: kwanini mbung'o anaua ng'ombe, ila binadamu anang'atwa na kuendelea na safari?

Usilione swali dogo. Bidhaa zote za njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kuanzia pembe za ndovu mpaka vitambaa na shanga, zilibebwa zaidi kwa vichwa na mabega ya watu. Mbung'o ni moja ya sababu kubwa. Mkokoteni wa maksai usingefika mbali kwenye miombo, kwa hiyo mzigo ukamwangukia mpagazi, na Wanyamwezi wakawa mabingwa wa kazi hiyo.

Kutoka kiwanda cha pamba

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813 Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 tu alishaanza kazi kwenye kiwanda cha pamba, na usiku alisoma. Baadaye alisomea udaktari Glasgow, akafuzu mwaka 1840 na mwaka uliofuata akafika Afrika Kusini kama mmisionari.

Huko ndiko alikokutana na mbung'o. Katika safari moja alipoteza maksai 43, japo hakuona wadudu wengi wakiwatua. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1857 picha ya mbung'o iliwekwa kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Aliandika kwamba mtu, wanyamapori, mbuzi na punda hawadhuriki, wakati ng'ombe, farasi na mbwa wanakufa.

Alijaribu pia tiba. Alimpa aseniki farasi aliyeng'atwa. Farasi akapata nafuu, ngozi ikang'aa, kisha hali ikarudi na mwishowe akafa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1858 kwenye jarida la madaktari la Uingereza.

Ngamia wa Mikindani

Mwaka 1866, akianza safari yake ya mwisho, Livingstone alishuka Mikindani na ngamia sita, nyati watatu wa kufugwa kutoka India na ndama mmoja, nyumbu wawili wa kufugwa na punda wanne. Alitaka kujua nani kati yao atahimili mbung'o. Kama wangepona, mizigo ingehama kutoka kwa watu kwenda kwa wanyama.

Jaribio halikufika popote. Wanyama walikufa, lakini pia walipigwa na kuchoshwa mno na waliokabidhiwa kuwatunza, kwa hiyo haikuwezekana kusema ni kipi hasa kilichowaua.

Miaka mitano baadaye, Stanley alimkuta Ujiji akiwa dhaifu. Februari 1872 wakafika pamoja Kwihara. Stanley akaondoka Machi, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti 25. Mei 1873 akafariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.

Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake huko, wakaukausha mwili na kuubeba mpaka pwani wakipitia Kwihara. Aprili 18, 1874 akazikwa London. Yeye mwenyewe alisafiri mara ya mwisho kama mzigo wa mpagazi.

Jibu likaja polepole

Mwaka 1895, David Bruce aligundua huko Zululand kwamba mbung'o hana sumu. Anabeba kimelea kinachoingia kwenye damu ya mnyama. Ila swali la Livingstone likabaki: kwanini kimelea hicho hakimmalizi binadamu?

Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba jibu ni protini iitwayo APOL1. Ni moja ya familia ya protini sita, APOL1 hadi APOL6, ambazo jeni zake zimepangana jirani kwenye kromosomu namba 22. Zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, lakini hazikai sehemu moja.

APOL1 pekee ina kipande cha mwanzo kinachoiambia seli iitoe nje. Ndugu zake wanabaki ndani ya seli. Ini linaitengeneza kwa wingi na kuimwaga kwenye damu, ambako inasafiri na ile kolesteroli nzuri. Kimelea kikiimeza, inatoboa matundu kwenye utando wake mpaka kinapasuka.

Binadamu anayo, na baadhi ya jamii za nyani pia. Ng'ombe hana. Hiyo ndiyo siri: mpagazi alipita msituni na kinga ambayo maksai hakupewa.

Alipokosea Livingstone

Tatizo ni kwamba kinga hiyo haitoshi kwa kila kimelea. Aina inayoitwa rhodesiense ina protini yake, SRA, inayoikamata APOL1 na kuizima. Matokeo yake ni malale. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilihamisha maelfu ya watu magharibi mwa Tanganyika kuwaepusha na ugonjwa huo. Urambo ni moja ya maeneo ambayo malale yameendelea kuonekana.

Kuna watu wenye aina tofauti ya APOL1, inayoitwa G2, ambayo SRA inashindwa kuikamata vizuri. Inasaidia kumlinda mtu dhidi ya rhodesiense. Lakini mwaka 2010 iligundulika kwamba mtu aliyerithi G2, au nyingine iitwayo G1, kutoka kwa wazazi wote wawili ana hatari kubwa zaidi ya kuugua figo. Aina hizi zipo zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi.

Na hapa mahali inapotengenezwa protini panaleta tofauti tena. Figo nazo zinatengeneza APOL1 yake. Kwenye upandikizaji, figo iliyotoka kwa mtu mwenye aina hizo mbili huwahi kufeli, hata kama aliyepokea hana. Hii inaashiria kwamba inayoharibu figo ni ile ya figo lenyewe, wakati inayoua vimelea ni ile ya kwenye damu.

Kwa hiyo ukitoka porini Urambo au kwenye hifadhi yenye mbung'o, kisha ukapata homa, usiishie kunywa dawa ya malaria tu. Wahi kituo cha afya na umwambie daktari kwamba uling'atwa. Malale ikifika kwenye ubongo, kutibu kunakuwa kazi kubwa zaidi.