Tippu Tip na nyumba yenye mizimu

Kule Unguja, Shangani, katika Mji Mkongwe, iko nyumba moja ya mawe yenye mlango wa kuchongwa. Watu wa pale wanasema ina mizimu: watumwa wa zamani wanatembea ndani usiku. Mwenye nyumba ile sisi watu wa Nyangwe na Kasongo tunamjua. Ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip.

Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Tabora, na mtoto akaanza mapema kwenda bara kutafuta pembe. Jina lake, wengine wanasema ni mlio wa bunduki zake, wengine eti ni juu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Mambo yake mengi yako hivyo, yana hadithi mbili.

Angalia namna alivyopata Utetela. Alifika kwa chifu mzee, Kasongo Rushie, akasema nyanya yake alikuwa wa ukoo wa chifu, alitekwa zamani vitani. Basi yeye ni mjukuu amerudi nyumbani. Mzee akakubali, akamwachia utawala na pembe zote. Alidanganywa kweli? Ao alimwona mtu mwenye bunduki nyingi, akachagua kumwita mjukuu? Sisi tunafikiri mzee hakuwa mjinga.

Mwaka 1874 alifika Nyangwe, akakutana na Mwingereza Cameron, kisha akakaa Kasongo na Waarabu wa pale wakamfuata. Miaka mitatu mbele yake, tarehe 15 Julai 1871, watu wa Dugumbi walikuwa wamepiga bunduki katika soko la Nyangwe, kando ya Lualaba. Livingstone aliona kwa macho yake. Wamama waliokuja kuuza vyakula walijitupa mtoni, na hesabu ya waliokufa ilipita 300. Tippu Tip hakuwako siku ile. Lakini biashara ilikuwa ileile, na yeye ndiye aliyeifanya kubwa kuliko wote.

Yaliyobaki yanajulikana. Mwaka 1876 alimsindikiza Stanley kutoka Nyangwe kwa mapatano ya dola 5000. Mwaka 1887 Leopold wa Pili alimfanya liwali wa Stanley Falls, na mwaka 1890 akarudi pwani. Vita vilipowaka kati ya Waarabu na Bula Matari yeye alikuwa mbali. Dhanis aliingia Nyangwe mwezi wa tatu 1893, Kasongo mwezi wa ine, na Sefu, mtoto wa Tippu Tip, akafa mwaka uleule.

Mzee alibaki Unguja na mashamba yake. Akiombwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kizuri, tunakubali, maneno yake hayana mafuta mengi: safari, vita, deni, bei ya pembe. Lakini mtu akitafuta mule usiku mmoja wa kukosa usingizi juu ya watumwa, hatauona.

Mwaka 1898, mzee akiwa angali hai, Mmarekani Henry James alitoa riwaya yake The Turn of the Screw. Mwalimu mwanamke analea watoto wawili katika nyumba kubwa ya Uingereza, anaona wafu wawili waliotumika pale. Tangu siku ile wasomaji wanabishana: wafu wako kweli, ao ni kichwa cha mwalimu kimechanganyika? James hakutoa jibu.

Kwa nyumba ya Shangani ubishi uko namna ingine. Mwalimu wa James anaona, wengine hawaoni. Huku mwenye nyumba hakuona kitu, wanaoona ni wale waliokuja nyuma yake, ambao hawakumfunga mtu mnyororo hata siku moja. Mtu anaweza kusema ni woga wa watu tu. Lakini kwetu Maniema ziko jamaa ambazo nyanya zao walichukuliwa wakaenda pwani, hawakurudi, na hakuna anayejua waliko zikwa. Watu wa namna hiyo, ukiwaambia wamezikwa kimya na kazi imeisha, watakuuliza wapi.

Tippu Tip alikufa tarehe 14 Juni 1905, kwa malaria, ndani ya nyumba ile. Wanaosimulia mizimu wanataja watumwa. Yeye hawasemi wamemwona.