Marie Curie: mama aliyevumbua radiamu iliyowasha saa gizani

Muntu anayezama chini ya maji usiku lazima ajue dakika ngapi zimebaki mbele hewa yake iishe. Asipoona saa, anaweza kufa. Miaka ya 1930, wazamiaji wa jeshi la maji la Italia walivaa saa za Panerai, ambazo namba zake ziliwaka gizani bila betri. Kilichoziwasha ni radiamu. Na miaka ile, sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilitoka hapa kwetu Kongo. Leo tunawaletea maisha ya mama aliyeivumbua.

Maria Sklodowska alizaliwa Warsaw, Poland, tarehe 7 Novemba 1867. Kule wasichana hawakuruhusiwa kuingia université, kwa hiyo alifanya kazi ya kufundisha watoto wa matajiri ili apate franga za masomo. Mwaka 1891 akaenda Paris. Mwaka 1895 akaolewa na mwalimu Pierre Curie.

Wote wawili walifanya kazi ndani ya hangari mbovu. Walipika na kuchuja tani kwa tani za mabaki ya mawe yenye uraniamu yaliyotoka Bohemia. Mwaka 1898 walitangaza vitu viwili vipya: poloniamu na radiamu. Usiku walipenda kurudi hangarini kuangalia vichupa vikiwaka. Hawakujua kama mwanga ule ulikuwa unawaharibu mwili. Pia walikataa kuifungia siri njia yao ya kutoa radiamu, juu waliona elimu ni ya watu wote.

Mwaka 1903 walipata tuzo ya Nobel pamoja na Henri Becquerel. Mwaka 1906 Pierre akagongwa na gari la farasi, akafa. Marie akabaki na watoto wawili wa kike, lakini hakuacha kazi. Mwaka 1911 akapata Nobel ya pili.

Wakati huo radiamu ilikuwa na bei kupita dhahabu. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100.000 kumununulia gramu moja tu. Mwaka uleule, kampuni Union Minière ilianza kuchimba Shinkolobwe, Katanga. Wakongomani walitoa mawe kwa mikono, yakapelekwa mpaka kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Bei ikashuka. Mwaka 1929 Marie alipoomba gramu nyingine kwa ajili ya hospitali ya Warsaw, dola 50.000 zilitosha.

Rangi ya saa ilitengenezwa hivi: radiamu kidogo sana inachanganywa na unga wa zinki. Miale ya radiamu inagonga unga, unga unatoa mwanga. Huko New Jersey, Marekani, wasichana walipaka rangi ile kwenye saa, wakichonga ncha ya burashi kwa midomo yao. Wakubwa wa kazi waliwaambia haina shida. Kiisha meno yakang'oka, mifupa ya taya ikaoza, wengi wakafa. Watano walishitaki kampuni, na mwaka 1928 wakalipwa.

Marie mwenyewe alikufa tarehe 4 Julai 1934, kwa ugonjwa wa damu ambao madaktari waliuhusisha na miale. Vitabu alivyoandikia kazi yake vingali na sumu mpaka leo.

Kwa sisi wa Masisi na Walikale, maisha yake yana jambo la kutufikirisha. Dunia inakumbuka jina la Marie, na wasichana wa saa waliandikiwa vitabu. Wale wachimbaji wa Shinkolobwe, ni nani anajua majina yao? Hivi leo coltan ya Rubaya na kasiterite ya Bisie zinaenda mbali vilevile, ndani ya simu na mashini za watu wengine. Anayeshika jiwe wa kwanza anastahili kuambiwa lina nini ndani, na vumbi lake linafanya nini kifuani, mbele ya kuambiwa bei.

Saa za kisasa za wazamiaji hazitumii tena radiamu. Rangi yake inakunywa mwanga muchana na kuutoa usiku. Lakini ukikuta saa ya muzee ya zamani isiyowaka tena, usiifungue wala kukwangua namba zake. Kilichochoka ni unga wa zinki. Radiamu, hata baada ya miaka 1.600, inabaki na nusu ya nguvu yake.