Ibn Rushd, kadhi aliyeitetea akili

Wanafunzi wangu huduwaa ninapowaambia kuwa mwandishi wa Bidayatul Mujtahid, kitabu cha fiqhi kinachosomwa hadi leo, ndiye mwanafalsafa ambaye Wazungu humwita Averroes. Alizaliwa Cordoba, Andalusia, mwaka 1126, mjukuu wa kadhi. Mwaka 1169 naye akawa kadhi, huko Seville. Khalifa Abu Yaqub Yusuf alitaka vitabu vya Aristotle vifafanuliwe, na Ibn Rushd akaifanya kazi hiyo miaka mingi huku akiamua kesi za watu. Hoja yake ilikuwa kwamba Qur'an yenyewe inaamrisha kutafakari. Basi kwa mwenye uwezo, kutumia akili ni wajibu wa kisheria.

Mwaka 1195 upepo ukageuka. Khalifa al-Mansur, mwana wa Abu Yaqub, alimfukuzia Lucena, na vitabu vya falsafa vikachomwa moto. Wapo wanaosema dini ndiyo iliyomhukumu. Mimi naona ni siasa. Kama kosa lilikuwa la itikadi, mbona mtawala yule yule alimwita tena Marrakesh? Alifia huko mwaka 1198, Allah amrehemu. Karne iliyofuata, wasomi wa Paris walikuwa wakibishana juu ya sharhe zake kwa Kilatini.