Richard Bright: Tabibu wa Kijiko na Mshumaa

Walimu wa sayansi katika shule zetu za msingi hulalamika mara kwa mara kwamba hawana maabara. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa wanachuo wayafahamu maisha ya Richard Bright, ambaye kipimo kilichompatia sifa hakikuhitaji zaidi ya kijiko na mshumaa.

Bright alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1789. Alisomea udaktari Edinburgh, na mwaka 1810 alisafiri hadi Iceland kuchunguza mimea na wanyama. Baadaye alizuru Hungaria, akaandika kitabu cha safari hiyo na kukichorea picha yeye mwenyewe. Mtu wa namna hii, aliyezoea kutazama na kuchora, ndiye aliyeingia Guy's Hospital, London, mwaka 1820.

Humo wodini walikuwamo wagonjwa waliovimba uso na miguu. Bright alitia mkojo wao katika kijiko, akaupasha moto juu ya mshumaa. Mkojo wa baadhi yao uligeuka mweupe na kuganda mfano wa ute wa yai. Kilichoganda ni albumini, protini ambayo figo zenye afya huizuia isitoke katika damu.

Hakuwa wa kwanza kuliona jambo hilo; Mwitalia Cotugno alikwisha kuliona katika karne ya 18. Lakini Bright hakuishia kijikoni. Wagonjwa walipofariki alipasua maiti na kukagua figo, akazikuta zimeharibika. Mwaka 1827 alichapisha ushahidi wake kwamba uvimbe, protini katika mkojo na figo mbovu ni mambo ya ugonjwa mmoja. Kwa maoni yetu, huko kuunganisha ndiko ugunduzi wenyewe. Mwaka 1842 alitengewa wodi mbili zenye vitanda 42, na maabara kando yake. Tiba hakuipata. Alifariki tarehe 16 Desemba 1858.

Mwalimu aliye Mkiwa, katika mkoa wa Singida unaosifika kwa kuku wake, hatakosa yai. Achanganye ute na maji yenye chumvi kidogo, achuje kwa kitambaa, kisha apashe moto kijiko kimoja cha mchanganyiko huo na kingine cha maji matupu. Wanafunzi watabiri kwanza, ndipo watazame. Mkojo usitumiwe kamwe darasani: waweza kuambukiza maradhi, na mtoto ambaye wake ungeganda angeaibika mbele ya wenzake.

Ieleweke pia kwamba si kila weupe katika mkojo uliopashwa moto ni protini. Chumvi za fosfeti nazo huutia ukungu, ila tone la siki huziyeyusha, na protini hubaki.

Siku hizi katika kliniki za wajawazito hutumika ukanda mdogo wenye rangi ya manjano, ambayo hugeuka kijani penye protini. Pamoja na kipimo cha shinikizo la damu, ukanda huo humwonya mkunga mapema juu ya hatari ya kifafa cha mimba, ambacho chaweza kumwua mama na mtoto. Kipimo cha haraka cha malaria nacho hutafuta protini ya vimelea katika tone la damu. Muuguzi wa zahanati akikubali kuja darasani na ukanda mmoja mpya wa mkojo, auchovye katika maji yale ya ute kabla hayajapashwa moto. Wanafunzi watauona ukigeuka kijani.